Presha kupanda wakati wa kuweka tyubu: dawa ipi, na dakika ngapi kabla

Kwa walio mafunzoni kwenye kitengo cha usingizi. Laringoskopu, chombo cha kuonea koo wakati wa kuweka tyubu ya kupumulia, ikinyanyua shina la ulimi, mwili humwaga adrenalini na noradrenalini. Presha na mapigo ya moyo hupanda papo hapo, hufika kileleni ndani ya dakika 1 hadi 2, kisha hurudi taratibu ndani ya dakika 5 hadi 10. Kijana mzima hupita salama. Mwenye mishipa ya moyo iliyoziba au mshipa wa ubongo uliovimba anaweza kufa katika dakika hizo.

Wengi mnakariri dozi mkasahau saa. Kilele cha dawa kinatakiwa kikutane na kilele cha presha.

Hatua ya 1. Uliza mgonjwa anameza nini. Atenololi au bisoprololi, dawa za kutuliza mapigo ya moyo, aendelee nazo hadi asubuhi ya upasuaji. Enalaprili na losartani, dawa za presha, wengi wetu huzisimamisha saa 24 kabla, maana mgonjwa akishalala presha huporomoka.

Hatua ya 2. Fentanili, dawa kali ya maumivu, mikrogramu 2 hadi 3 kwa kilo, polepole. Halafu subiri dakika 3 hadi 5. Hapa ndipo watu wanapoharakisha: fentanili, propofoli ya kulaza, dawa ya kulegeza misuli, tyubu, vyote ndani ya dakika moja. Presha inapaa, fentanili inafika shughuli imekwisha, na sasa unakimbizana na presha iliyoshuka. Kama huna muda, alfentanili, ndugu yake fentanili, hufika kileleni kwa dakika 1 na nusu hivi.

Hatua ya 3. Ukihofia zaidi mapigo, ongeza esmololi, dawa ya kupunguza mapigo, miligramu 1 kwa kilo, dakika 2 kabla ya laringoskopu. Huvunjwa na vimeng'enya vya chembe nyekundu za damu, na nusu yake huondoka kwa dakika 9 tu. Ndiyo maana naipenda. Labetaloli, ya jamii hiyohiyo, huchelewa kufika na hukaa kwa saa kadhaa. Lidokeini, dawa ya ganzi, miligramu 1.5 kwa kilo mshipani, hutuliza kikohozi vizuri, ila kwa presha tafiti zinapingana. Mimi siitegemei peke yake.

Hatua ya 4. Hakikisha amelala usingizi sawasawa na misuli imelegea kabisa. Laringoskopu isizidi sekunde 15. Mkono unaopapasa hauna dawa.

Hatua ya 5. Tyubu ikishaingia, pima presha kila dakika. Ikipanda kidogo, zidisha usingizi kwanza. Efedrini au fenilefrini, dawa za kupandisha presha, iwe tayari kwenye bomba la sindano, kwa sababu kabla ya kisu kugusa ngozi presha hupenda kushuka.

MASWALI

Mwalimu, mama mwenye kifafa cha mimba anayehitaji upasuaji wa haraka, je? Fentanili si itamfikia mtoto?

Itamfikia, na anaweza kuzaliwa akipumua kwa uvivu. Ila usimwache mama apate kiharusi kwa kuogopa hilo. Shusha presha kwa labetaloli kabla ya kumlaza, sistoli (namba ya juu ya presha) iwe chini ya 160. Ukitumia alfentanili au remifentanili, waarifu wapokeaji wa mtoto wajiandae kumsaidia kupumua. Kama yuko kwenye magnesiamu, punguza vekuroniamu au rokuroniamu (dawa za kulegeza misuli) utakayotoa baadaye, magnesiamu huirefusha.

Na mwenye pumu?

Labetaloli sahau. Esmololi huchagua moyo zaidi ya mapafu, lakini pumu ikiwa kali sioni haja ya kubahatisha: fentanili na usingizi mzito vinatosha.

Daktari, presha ikiwa 200 mezani, nimdondoshee nifedipini chini ya ulimi?

Hapana. Haitabiriki inashusha kiasi gani, na ikiporomosha presha ghafla ubongo na moyo hukosa damu. Kama upasuaji si wa dharura, ahirisha.

Tuna ketamini tu siku hiyo.

Ketamini yenyewe hupandisha presha na mapigo. Kwa mgonjwa wa namna hii tafuta propofoli au thiopentoni. Zikikosekana kabisa na upasuaji hausubiri, tanguliza fentanili, uisubiri dakika zake, na anayeshika laringoskopu awe mzoefu kuliko wote chumbani.