Somo: Shira moja, zawadi nne (kashata za nazi, kashata za karanga, visheti na ubuyu)

Wapendwa, Idi inakaribia, na nyuma yake zimepangana harusi na arobaini za wazazi. Mfuko wenyewe ndio huo. Mkono mtupu haulambwi, hilo tunalijua, lakini si lazima mkono ujae boksi la biskuti la dukani ambalo mwenyeji atalipokea, atasema asante, kisha atalipeleka yeye kwa mwenzake wiki ijayo. Nawapa vitu vinne vya kupika nyumbani, na vyote vinne vinasimama kwenye sufuria ya shira. Ukiijua shira umemaliza. Usipoijua, hata ununue iliki ya thamani gani, utatoa uji.

Msimamo wangu kuhusu hela ni huu: itumike kwenye karanga nzuri, nazi iliyokomaa na iliki. Chombo cha kupelekea kiwe cha bure. Wengi wanafanya kinyume, mkebe wa dhahabu na ndani kashata haina harufu.

VYA KUNUNUA

Sukari kilo moja na robo, ila chukua kilo na nusu ubaki na ya chai. Nazi mbili zilizokomaa; tikisa, usikie maji. Karanga nusu kilo. Unga wa ngano nusu kilo. Ubuyu mweupe wa kokwa, nusu kilo. Samli kidogo, mafuta ya kukaangia nusu lita, rangi nyekundu ya chakula, chumvi, pilipili ya unga. Iliki nunua ya maganda, uitwange mwenyewe kwenye kinu pamoja na kijiko cha sukari, itasagika laini. Iliki iliyosagwa zamani na kukaa dukani inabaki jina tu.

Kikombe ninachopimia ni cha robo lita.

KWANZA, SHIRA

Sukari na maji vikichemka, maji yanapungua, moto wa shira unapanda na shira inabadilika tabia. Cha kujua ni wapi pa kuisimamisha. Usitie kidole kwenye sufuria, shira inaunguza kuliko maji ya moto kwa sababu inaganda kwenye ngozi. Dondosha tone kwenye kisahani, subiri lipoe kidogo, kisha lishike kwa kidole gumba na cha shahada, uvitenganishe taratibu.

Ikinata tu bila kuvuta, hiyo ni shira ya kaimati, bado mbichi kwa kazi yetu. Ikivuta uzi mmoja usiokatika haraka, hapo ndipo tunapopataka kwa visheti, ubuyu na kashata za nazi. Ukiiacha iendelee, tone ukilidondosha kwenye maji baridi litakuwa donge laini; mwenye kipimajoto ataona kama nyuzi 115. Mbele zaidi maji yanaisha, sukari inaanza kugeuka rangi, na tone kwenye maji linakuwa gumu la kuvunjika. Hiyo ya mwisho ni ya karanga.

Jambo la pili: ndimu. Kwenye shira ya kaimati tunatia matone ya ndimu ili sukari isirudi kuwa chengachenga. Basi kwenye visheti ndimu usitie kabisa, maana pale tunataka sukari irudi, igande nyeupe juu ya kisheti. Watu wengi wanaolalamika visheti vinanata walitia ndimu kwa mazoea.

KASHATA ZA NAZI

Kuna nazi zenu mbili. Kuneni kwa mbuzi, msifike kwenye ganda mkaleta weusi. Nazi moja ikamueni mara moja tu, bila maji mengi, mpate kama nusu kikombe cha tui zito, mliweke kando la kukandia visheti. Chicha yake changanyeni na nazi ya pili ambayo haijakamuliwa. Kashata haitajua, na mmeokoa maziwa.

Chemsha vikombe viwili vya sukari na kikombe kimoja cha maji mpaka uzi mmoja. Tia nazi yote, chumvi ya kubana kwa vidole, na kijiko cha chai cha iliki. Sasa ni kukoroga kwa moto wa wastani, na hapa hapana simu. Mwanzo itatoa maji, itaonekana kama imeharibika, endelea. Kisha itakaza, mwiko utakuwa mzito, na utaona chini ya sufuria ukipitisha mwiko: donge linaachia na halirudi kufunika mara moja. Pembeni kutaanza kufanya weupe mkavu wa sukari. Hapo hapo epua. Ukingoja dakika mbili zaidi itakuwa mchanga, haishikani.

Mimina nusu kwenye sinia lililopakwa mafuta. Nusu iliyobaki tia tone la rangi, koroga haraka, uitandaze juu ya ile nyeupe. Kandamiza kwa mgongo wa kijiko kilichopakwa samli, kata kwa pembe ingali vuguvugu, lakini usiibandue mpaka ipoe kabisa.

KASHATA ZA KARANGA

Chagua karanga kabla ya kukaanga. Iliyokunjamana, yenye ukungu au rangi isiyoeleweka, tupa. Sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu, haiondoki kwa kukaangwa, kwa hiyo usijidanganye kwamba moto utaisafisha. Kaanga kavu kwa moto mdogo, fikicha maganda, pepeta kwenye ungo. Unahitaji vikombe viwili.

Sukari kikombe kimoja, maji robo kikombe. Usiikoroge ikishaanza kuchemka, tikisa sufuria tu. Ikifika rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, tia karanga, iliki na chumvi kidogo, geuza mara chache, mwaga kwenye kibao au sinia lenye mafuta. Chukua chupa iliyopakwa mafuta, sukuma juu yake kama chapati, kata papo hapo. Una dakika moja, labda mbili. Kisu na chupa viwe mkononi kabla hujaepua, usianze kuvitafuta shira inaganda.

Wa jiko la mkaa: makaa yafunikeni majivu shira ikianza kubadilika rangi. Kutoka dhahabu mpaka kuungua ni kufumba na kufumbua.

VISHETI

Vikombe vitatu vya unga, vijiko vitatu vya chakula vya samli iliyoyeyushwa, iliki. Fikicha mpaka unga ukikamatwa kiganjani ushikane. Tia lile tui, ongeza maji kidogo kidogo upate donge gumu kuliko la chapati. Lifunike nusu saa. Tengeneza shepu unayoiweza: wengine wanabingirisha juu ya uma wapate mistari, mimi nakata vipande vya pembe tu, vinapikwa sawa.

Mafuta yasiwe ya moto mkali. Kisheti kinatakiwa kukauka hadi ndani, si kupata rangi nje na kubaki unga mbichi katikati. Tumia sufuria ndogo na mafuta kidogo, kaanga mafungu madogo. Viache vipoe.

Shira: kikombe kimoja na nusu cha sukari, robo tatu ya kikombe cha maji, mpaka uzi. Epua, mimina visheti vyote ndani, na uanze kurusha na kugeuza bila kupumzika. Kwanza vitang'aa, kisha ghafla utaona weupe unaenea kutoka kimoja hadi kingine. Endelea mpaka vianze kugongana kwa sauti kavu.

UBUYU

Huu ndio rahisi. Pepeta ubuyu, ile unga inayotoka ihifadhi. Sukari kikombe na nusu, maji kikombe kimoja, rangi nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko, pilipili ya unga unavyoweza, iliki. Ikivuta uzi, tia vijiko viwili vya ule unga ulioupepeta, koroga, kisha ubuyu wote. Moto mdogo, dakika kama tano za kugeuza, mpaka kila kokwa ivae. Tandaza kwenye sinia ukauke. Vaa nguo ambayo huiogopei.

KUFUNGA

Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, Kenya tangu Agosti 2017, Tanzania Bara tangu Juni 2019, na kusema kweli haikuwa na heshima ya zawadi. Chupa za jamu na za siagi ya karanga zinazolundikana kabatini zinatosha. Zioshe, zikauke juani kabisa, tone moja la maji ndani linayeyusha sukari yote.

Chukua kanga iliyochakaa katikati lakini pindo bado zima. Weka kisahani juu ya kitambaa, zungusha chaki ya fundi, kata. Funika kizibo, funga kwa uzi wa katani au ukili mwembamba. Ukipata sehemu yenye jina la kanga ni nzuri zaidi, ila lisome kwanza! Mama mkwe akiletewa ubuyu umefungwa kwa jina la mafumbo, hatakula, atakaa kufasiri.

Kwa kashata, karatasi ya kaki ni bora. Gazeti hapana, wino unahamia kwenye chakula. Walio pwani wenye minazi, pakacha dogo la makuti mabichi lililotandikwa jani la mgomba linapendeza kuliko boksi lolote, na wazee wanaojua kusuka bado wapo, waombeni.

Mpangilio wa siku: ubuyu, visheti na karanga pikeni wiki moja kabla. Nazi iwe ya mwisho, siku moja kabla ya kupeleka. Kwa joto la pwani haipendi kuzidi siku nne tano, mafuta ya nazi yanachacha.

MASWALI YA WANACHAMA

Nakuru: Dada, zangu za nazi zimelala sinia usiku kucha na bado ni laini, naokota kwa kijiko. Nitupe?

Usitupe, mdogo wangu. Uliepua mapema. Rudisha yote kwenye sufuria, ongeza vijiko viwili vya maji tu ili isiungue, koroga upya mpaka iachie sufuria. Na usitie unga wa ngano kuikazia, kuna watu wanashauri hivyo. Utakula unga mbichi.

Tanga: Visheti nimefuata kila kitu, ndimu sikutia, asubuhi vikawa vyeupe, jioni vimelowa.

Huko kwenu mvua zinanyesha. Sukari inavuta unyevu hewani, na ukiviacha wazi kwenye sinia huviwezi. Msimu wa masika vikipoa tu viingie kwenye chombo chenye kizibo. Hivyo vilivyolowa virudishe kwenye sufuria kavu, moto mdogo mno, virushe mpaka vikauke.

Morogoro: Shikamoo dada. Baba mkwe ana kisukari na ndiye mwenye nyumba tunayokwenda. Nipunguze sukari nusu?

Marahaba. Hapana, nusu ya sukari bado ni sukari, na kashata haitashikana. Mpelekee viungo vya chai. Twanga tangawizi kavu vijiko vinne vya chakula, iliki viwili, mdalasini viwili, pilipili manga kimoja, karafuu nusu. Chekecha, tia kwenye chupa ndogo, funga kwa kanga vilevile. Kando yake karanga zilizokaangwa na chumvi kidogo sana. Ataona amekumbukwa yeye mwenyewe.

Muscat: Huku napata nazi kavu ya pakiti, ile isiyo na sukari. Inafaa?

Inafaa. Kwa kila vikombe viwili nyunyizia nusu kikombe cha maziwa ya vuguvugu, ifunike dakika ishirini ivimbe. Ukiitia kavu itanyonya shira yote na utapata vumbi tamu. Chumvi usisahau, nazi ya pakiti imepooza.

Goma: Kwetu nazi ni bei na si nzuri. Nifanye zipi?

Achana nayo, fanya karanga, au changanya na ufuta: kikombe kimoja na nusu cha karanga, nusu kikombe cha ufuta uliokaangwa kidogo. Ufuta peke yake pia unakubali, ila sukuma uwe mwembamba, ukiwa mnene unavunja meno.

Dodoma: Nikitaka kuuza? Ubuyu tunao hapa hapa.

Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kazi yao ni wajasiriamali wadogo, watakuelekeza mafunzo na vifungashio. Usalama na ubora wa chakula kwa Tanzania Bara uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Zawadi ya jirani haina lebo, bidhaa ya kuuza inayo.

Dodoma tena: Na watoto wadogo, wapewe tu?

Walio chini ya miaka mitano usiwape karanga nzima wala kokwa za ubuyu, zinakaba. Wape kisheti.