Kupima mifupa na meno kwa skani ya CT: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa anthropolojia nchini Uganda wanaotaka kupima mifupa na meno bila kuyakata, kwa skani ya CT (picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya kitu kipande kwa kipande), yawe ya mkusanyo wa kufundishia au visukuku vya Karamoja, kama vya Napak na Moroto.

Hatua ya kwanza ni kuomba faili asilia za DICOM (muundo wa faili za picha za kitabibu), si filamu wala nakala za JPEG. Mwombe fundi wa radiolojia vipande vyembamba vya picha, kwani vya milimita 5 humfaa daktari kuliko mpimaji. Skani za wagonjwa zitumike kwa kibali cha maadili, majina yakiwa yameondolewa. Mtu hapigwi mionzi ili apimwe tu.

Pili, fungua faili katika 3D Slicer, programu isiyolipiwa, ukague ukubwa wa vokseli, yaani vijichemraba vinavyounda picha ya pande tatu. Vokseli ya nusu milimita inatosha kwa urefu wa paja, lakini enameli ya gego (tabaka gumu la nje la jino) ni nyembamba mno kwake. Meno yanahitaji maikro-CT, ambayo vokseli zake hupimwa kwa maikromita (sehemu za elfu za milimita).

Hatua ya tatu, kuweka mpaka, ndiyo inayoamua kila kitu. Katika kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha jinsi kitu kinavyozuia eksirei, maji ni 0 na hewa ni -1000, na vokseli ya ukingoni huchanganya mfupa na hewa, hivyo anayechagua kizingiti (thamani inayotenganisha mfupa na kisicho mfupa) kwa macho huunenepesha au huukondesha mfupa bila kujua. Chora mstari unaokata ukingo, soma thamani ya kila upande, kisha chukua katikati: mfupa ukiwa 1400 na hewa -1000, mpaka ni 200. Kati ya enameli na dentini (tishu ya jino iliyo chini ya enameli) hesabu upya, kwa sababu jirani amebadilika. Kisukuku kilichojaa mwamba wenye msongamano unaokaribia wa mfupa hakitengeki kwa kizingiti. Hapo fuata ukingo kwa mkono, kipande kwa kipande, hata kama inachosha.

Nne, zungusha gego hadi kipande kipite kwenye ncha za dentini za vilele viwili vya mbele. Gawanya eneo la enameli kwa urefu wa mpaka wake na dentini, upate wastani wa unene kwa milimita. Jino lililolika liache.

Mwisho, rudia vipimo vyote siku nyingine bila kutazama vya awali. Jumlisha miraba ya tofauti, gawanya kwa mara mbili ya idadi ya vielelezo, kisha tafuta kipeuo cha pili: hilo ndilo kosa lako la upimaji, na liandikwe kando ya kila wastani katika jedwali.