Unataka kuunda chipu ya redio ya umbali mfupi? Anzia kwa mahesabu, transista baadaye

Watu wengi wakisikia chipu ya redio wanakimbilia kuchora transista, usiku huohuo mtu ashafungua Xschem, programu ya kuchora saketi, anahangaika na amplifaya. Wacha kwanza. Redio za umbali mfupi, zile ziko ndani ya earphone, saa na spika, kazi yake kubwa siku hizi iko upande wa dijitali, na hiyo unaifanya na laptopu hapo kwako Githurai bila kununua kitu. Analogi itakuja, tena itakusumbua sana, lakini ukiifikia uwe ushajua unataka ikufanyie nini.

Chagua kwanza lugha ya hewani. Mi nasema anza na Bluetooth Low Energy, ile ya 1 Mb/s, juu maelezo yake yako wazi na kila mtu ana simu mfukoni ya kuijaribia. Inakaa kati ya 2400 na 2483.5 MHz, chaneli 40, moja na nyingine zimeachana 2 MHz. Biti inatumwa kwa kusukuma frikwensi kidogo, kama 250 kHz, ikienda juu ni moja ikishuka ni sufuri. Ukubwa wa wimbi haubebi habari yoyote, kwa hivyo amplifaya ya kutuma unaweza kuisukuma mpaka mwisho wa nguvu zake na data haiharibiki, na hapo ndo unaokoa betri.

Sasa shika kalamu. Kelele ya joto tu, kwa joto la kawaida la chumba, ni -174 dBm kwa kila Hz (dBm ni nguvu ukilinganisha na miliwati moja, na kila 10 dB ni mara kumi). Ukifungua mlango wa upana wa 1 MHz, yaani Hz milioni moja, unaongeza 60, unafika -114. Chipu yako nayo ina kelele zake, sema 8 dB, na kusoma biti vizuri unahitaji signo iwe juu ya kelele kama 12 dB, basi utasikia mpaka -94 dBm. Upande ule mwingine ukituma 0 dBm, yaani miliwati moja, umbali wa mita 10 pahali wazi unakula kama 60 dB, signo inafika ikiwa -60. Umebaki na 34 dB za ukuta, mwili wa mtu na antena mbaya. Na kiwango chenyewe cha Bluetooth kinataka -70 tu! Kwa hivyo usijiue kutafuta amplifaya ya mwanzo, ile inapokea kutoka kwa antena, yenye kelele ya 2 dB, utachoma stima bure.

Kitu kitakumaliza si unyonge wa signo, ni majirani. Panda ghorofa yoyote pale Luthuli Avenue, Nairobi, saa saba mchana, kila duka limewasha spika ya Bluetooth na Wi-Fi juu yake, alafu uniambie kama hapo unahitaji masikio makali ama unahitaji kuchuja. Kiwango kinasema jirani aliye 3 MHz kutoka kwako anaweza kuwa na nguvu kukushinda kwa 27 dB na bado usome data yako. Kutoka hapo unapata kelele ambayo oskileta yako (saketi inayozalisha wimbi la redio) inaruhusiwa kuwa nayo: 27, ongeza 21 za kujilinda, ongeza 60 za upana wa chaneli, inakuja 108, yaani kelele iwe kama -108 dBc/Hz (dBc ni dB ukilinganisha na wimbi lenyewe) ukiwa 3 MHz pembeni. Hiyo si ngumu, hata koili ya kawaida ndani ya chipu inaifikisha.

Kupokea, shusha signo mpaka 1 ama 2 MHz, usiishushe hadi sufuri kabisa, kwa sababu pale chini kuna kelele ya transista zenyewe na voltiji zisizo na mwenyewe. Bei ya kufanya hivyo ni kwamba frikwensi ya upande wa pili wa oskileta inaingia pia, inabidi uifute kwa njia mbili zilizoachana digrii 90. Njia hizo zikipishana kwa asilimia 1 ya ukubwa na digrii moja, unafuta karibu 40 dB, na hiyo inatosha. Oskileta iweke 4.8 GHz alafu ugawe kwa mbili, digrii 90 unazipata bure na amplifaya ya kutuma haiivuti kwa urahisi kutoka frikwensi yake. PLL, saketi inayoshikilia oskileta kwa frikwensi sahihi, nayo siku hizi watu wanaifanya ya dijitali, njia ambayo Robert Bogdan Staszewski na wenzake wa Texas Instruments waliifungua mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hapa sasa tulia kidogo. Kristali ya kawaida, ile inaipa chipu kipimo cha frikwensi, inaruhusiwa kukosea kama 40 ppm (sehemu 40 kwa milioni). Kwa 2440 MHz hiyo ni karibu 98 kHz, na kama mwenzako amekosea upande wa pili mnakuwa mmeachana 195 kHz. Kumbuka biti zako zinasukumwa 250 kHz tu, na hiyo ndo ikienda vizuri! Ukisoma tu juu ama chini ya sufuri utapata takataka. Na muda wa kujirekebisha haupo, biti za mwanzo ni 8 pekee, maikrosekunde 8, ndani yake upunguze ama uongeze nguvu ya amplifaya na ujue mmeachana kiasi gani. Bahati nzuri hizo biti ni moja, sufuri, moja, sufuri, kwa hivyo wastani wake wenyewe ndo kosa lenyewe. Uutoe, alafu uthibitishe na zile biti 32 za anwani zinazofuata, ambazo kwa chaneli za kutangaza, pale kifaa kinajitambulisha, ni 8E89BED6 (kwa hex) kila siku.

Hiyo yote iandike kwa Python kwanza. Kisha tafuta HackRF, kifaa cha kurekodi mawimbi ya redio kwa kompyuta, ya kuazima, urekodi hewa ya kweli hapo mjini, uilishe hiyo programu yako. RTL-SDR, vifaa vya aina hiyo vya bei rahisi, hazifiki 2.4 GHz, usidanganywe. Ikisoma pakiti za ukweli ndo uhamishie Verilog, lugha ya kuandika saketi za dijitali.

Jambo lingine watu hulisahau ni saa ya dijitali, yaani mapigo yanayoendesha upande wa dijitali, ambayo huvuja pia kwa frikwensi zilizo mara kadhaa ya yenyewe. Ukitumia 16 MHz, zidisha kwa 155 uone: 2480 kamili, katikati ya chaneli 39, moja ya zile tatu za kutangaza. Chipu inajipigia kelele yenyewe. Saa ya 32 MHz haiangukii hapo, bora tu usiigawe tena kwa mbili ndani. Pia tenganisha stima ya dijitali na ya redio, na uweke mbali kabisa na amplifaya ya mwanzo.

Kwa mchoro wenyewe, maelezo ya kiwanda ya kuchora chipu za SkyWater 130 nm yako wazi tangu 2020, lakini kwa redio mi napenda SG13G2 ya IHP ya Ujerumani, transista zake zina kasi. Programu za kujaribu na kuchora saketi, ngspice, KLayout na openEMS, zote ni za bure. Ikifika pahali pa kuuza bidhaa hapa Kenya, Communications Authority lazima waikague na kuidhinisha.

Chipu ikirudi kutoka kiwandani usiwashe kila kitu mara moja. Pima stima inayokula ikiwa imelala, kisha kristali, kisha PLL ikae 2402 MHz. Alafu jaribu kutuma kabla ya kupokea, kwa sababu simu yako ikiona jina la chipu kwa orodha ya Bluetooth, ushajua nusu ya dijitali inafanya kazi, na matatizo yakibaki utayatafuta upande mmoja.