Namna ya kumuuliza mpiga kura bila kumlisha maneno

Nimezunguka na madodoso mkoani Dodoma miaka kumi na moja, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Bahi na Chamwino. Vijana ninaowafundisha kazi hii hawaachi kuniuliza: mtu anayevutwa na mgombea anayejinadi kuwa ndiye mtetezi pekee wa wanyonge, wengine wote ni wezi au wageni, anasukumwa na ugumu wa maisha au na chuki?

Kwanza, usimuulize "kwa nini". Ukimuuliza hivyo atakupa jibu la heshima. Nani atakwambia majirani wakisikia kwamba hawapendi watu fulani? Atasema maisha magumu. Liandike, ila usilishike kama ndilo jibu.

Uliza bei na msimu. Hombolo nilimkuta mzee mmoja, mkulima wa zabibu. "Mbukwa, baba," nikamwamkia kwa Kigogo, nikaketi juu ya kreti tupu, kishikwambi nikakiacha kwenye mkoba. Sikugusa siasa. Nilimuuliza msimu wa Machi alivuna kreti ngapi, ngapi ziliuzika, ngapi zilioza. Alisimama akanipeleka shambani, akanionyesha vichala vilivyokaukia kwenye mizabibu, vyeusi, nyuki wamevijaa. Mnunuzi aliyeahidi kuja hakutokea. Ndipo nikauliza: "Baba, hapa wa kulaumiwa ni nani?" Akakaa kimya, kisha akasema, "Hawa waliokuja."

Alikuwa na maana ya waliohamia mjini tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli. Ni kweli viwanja vimepanda bei. Lakini si wao waliomwozeshea zabibu. Hasara ilikuwa yake, ila lawama alionyeshwa pa kuipeleka. Kwa hiyo swali linalofuata usiliruke kamwe: "Hilo ulilisikia wapi mara ya kwanza?" Alinijibu bila kusita: kwenye mkutano wa kampeni.

Kisha nenda kwa jirani ambaye hakupata hasara. Kama naye anasema yaleyale, huwezi kuitupia njaa mzigo wote. Na aliyeumia bila kumlaumu mgeni mtafute pia. Wapo wengi, na wengi wetu tunawasahau kwa sababu hawapigi kelele.

Wamarekani wamebishana sana juu ya hili kutokana na uchaguzi wa 2016 uliompa Donald Trump urais. Diana Mutz wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alitumia majibu ya watu walewale, waliohojiwa 2012 na tena 2016. Mwaka 2018 akaandika kwamba kupoteza kazi au kipato hakukueleza waliohamia kwa Trump. Kilichoeleza ni hofu ya kushushwa hadhi. Mwaka huohuo mwanasosiolojia Stephen Morgan alizipitia upya takwimu za Mutz akasema mambo hayo mawili hayatenganishiki kirahisi hivyo. Nao mwanauchumi David Autor na wenzake walipotazama maeneo badala ya mtu mmojammoja, waliona kwamba pale viwanda vilipoumizwa zaidi na bidhaa za China, kura zilisogea kuelekea Republican, chama cha Trump.

Nawaambia vijana wasiishie mfukoni mwa mtu. Waulize na kijiji: duka gani limefungwa, vijana wangapi wameondoka. Mwenye mshahara wake anaweza kuumia kwa kuona kwao panakufa. Na maneno yaandikwe yalivyotamkwa. Akisema kwa Kigogo, andika Kigogo, tafsiri baadaye.

La mwisho ndilo gumu, maana linataka nauli: rudi kwa mtu yuleyule. Mwaka uliofuata zabibu za yule mzee ziliuzika zote, na paa la nyumba yake lilikuwa na bati jipya. Nilimuuliza swali lilelile, wa kulaumiwa ni nani. Akajibu vilevile: "Hawa waliokuja."