Ukambani, tegemea mvua za Oktoba

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Mkulima wa Kitui, Makueni au Machakos asiuchukulie ukame ule kama balaa lililokuja likapita. Mvua za Machi hadi Mei zimekuwa zikipungua kwa miongo kadhaa, na huku kwetu hazijawahi kuwa za kutegemewa sana. Kwa hiyo chakula cha nyumbani kitoke kwenye msimu wa Oktoba hadi Desemba. Mbolea na nguvu zako ziende huko.

Mvua za Oktoba nazo hubadilika kufuata joto la bahari. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, au kukiwa na El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yakipata joto kuliko kawaida, mara nyingi tunapata mvua nyingi, kama 1997, 2019 na 2023. Kukiwa na La Niña, yaani maji hayo yakipoa kuliko kawaida, mara nyingi mvua huwa haba. Uzuri ni kwamba dalili hizi huonekana mapema, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya msimu kuanza. Muulize afisa wa kilimo utabiri wa kaunti yako ndipo ununue mbegu. Ukisikia La Niña, punguza mahindi, ongeza mtama, kunde na ndengu. Mahindi utakayopanda yawe ya muda mfupi, kama Katumani.

Mbegu ziwe ardhini kabla ya mvua. Anayengoja udongo ulowe ndipo atafute ng'ombe wa kulima hupoteza mvua ya kwanza, na kwa msimu mfupi kama huu hiyo ni hasara kubwa.

Halafu kuna maji yanayotoroka. Mvua yetu hushuka kwa kishindo, udongo mwekundu uliogandamana juu hauinywi, nayo hukimbilia mtoni na rutuba yako. Chimba fanya juu: mtaro wa sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, ukikata mteremko bila kushuka, udongo ukitupwa upande wa juu. Panda nyasi kwenye tuta hilo lisibomoke. Asiye na nguvu ya mitaro achimbe mashimo ya zai, yaani vishimo vya kupandia vinavyokusanya maji, achanganye samadi na udongo wa juu, na asiyajaze mpaka ukingoni. Maji yanahitaji mahali pa kutuama.

Machi panda ndengu, hukomaa kwa muda wa miezi miwili hivi. Na mvua ikikatika mtama ukiwa mchanga, usikimbilie kuwalisha ng'ombe ukiwa mbichi. Mtama ulionyauka, au unaochipua upya baada ya ukame, una sumu inayoua mnyama haraka. Ukate, uanike ukauke kabisa ndipo uwape.