Waifai inakata kwenye bodi ya memori ndogo? Iachie keneli akiba yake

Wakuu, kama una bodi ndogo ya Linux, ya MB 256 au hata 64, umeichomeka adapta ya waifai ya USB, asubuhi nzima inapiga kazi vizuri halafu mtu akianza kushusha faili kubwa inakata, usikimbilie kununua adapta nyingine. Mimi nilinunua mbili kabla sijakaa chini nikasoma logi, na hela ile inaniuma mpaka leo.

Anza hapa, hii inachuja logi ya keneli (moyo wa Linux, ndiyo inayogawa memori):

`dmesg | grep -i "allocation failure"`

Ukikuta mstari wenye `page allocation failure: order:3` na pembeni yake GFP_ATOMIC, umemshika mchawi. Usipouona mstari huo basi tatizo lako liko kwingine, cheki chaja kama inatoa umeme wa kutosha, zima na usingizi wa waifai kwa `iw dev wlan0 set power_save off`, haya ya chini hayatakusaidia.

GFP_ATOMIC maana yake draiva (programu inayoendesha adapta) imeomba memori ikiwa katikati ya kupokea pakiti, sehemu ambayo hairuhusiwi kusubiri, yaani keneli haiwezi kuiambia ngoja kidogo nisafishe kache, ni ipo au haipo, ikikosekana pakiti inatupwa, na draiva zingine zinaganda moja kwa moja mpaka uchomoe adapta. Hiyo order ni ukubwa wa kipande: order:0 ni KB 4, kila ukipanda namba moja unazidisha mara mbili, kwa hiyo order:3 ni KB 32 zilizoshikana, sio za kuokoteza huku na huku.

Hapa ndo wengi wanapotea, wanapiga `free` wanaona memori ipo, wanasema keneli inadanganya. Angalia hii badala yake:

`cat /proc/buddyinfo`

Kwenye bodi yangu ya MB 256 siku inakata ilikuwa hivi:

`Node 0, zone Normal 812 37 2 0 0 0 0 0 0 0 0`

Soma kutoka kushoto. Vipande 812 vya KB 4, 37 vya KB 8, viwili vya KB 16, kuanzia KB 32 hakuna kitu. Ukijumlisha ni kama MB 3.5 ziko wazi kabisa, lakini draiva inataka KB 32 za pamoja na hazipo hata moja, memori imekatikakatika.

Dawa yake kuu ni `vm.min_free_kbytes`, kiwango cha akiba ambacho keneli inajitahidi kisishuke. Ukikipandisha, kswapd, yule mfagizi wa keneli, anaamka mapema kuanza kusafisha kabla hali haijawa mbaya. Keneli yenyewe inakipanga kulingana na RAM: MB 64 inapewa KB 1024, MB 256 inapewa 2048, MB 512 inapewa 2896. Kwa waifai yenye mzigo hiyo ni ndogo. Ila cheki kwanza iliyopo kwa `sysctl vm.min_free_kbytes`, maana Raspberry Pi OS huja imeshaiweka 16384, wewe wa Alpine (Linux nyingine nyepesi) au uliyejitengenezea imeji ya mfumo kwa Buildroot ndo unabaki na ile ya keneli.

Jaribu bila kuandika popote:

`sudo sysctl -w vm.min_free_kbytes=8192`

Ukikosea unawasha upya tu inarudi ilivyokuwa. Na tafadhali usiweke namba kubwa kwa tamaa, mimi sivuki asilimia 5 ya RAM, kwa MB 64 ni kama 3200 hivi, ukizidisha sana keneli inaanza kuua programu zako palepale. Kushuka chini ya 1024 nako hatari, mashine inaweza kukwama ikizidiwa.

Sasa ipe mzigo wa kweli, `iperf3` (inapima kasi ya mtandao kwa kusukuma data) dakika kumi, huku dirisha lingine `watch -n1 cat /proc/buddyinfo`. Unachotafuta ni ile safu ya nne isikae sifuri. Ikitulia, andika `vm.min_free_kbytes = 8192` kwenye `/etc/sysctl.d/99-waifai.conf`. Ikiwa bado imekatikakatika, `echo 1 | sudo tee /proc/sys/vm/compact_memory` inaipanga upya, lakini hiyo ni ya kujaribia, ukijikuta unaiweka kwenye cron (ratiba ya kazi za kujirudia) kila dakika jua bodi imebeba programu nyingi kuliko uwezo wake.

Kuna sehemu nyingine haisemwi sana. Draiva zinazotumia mac80211 (sehemu ya waifai ndani ya keneli) zina foleni ya kutuma inayoweza kula hadi MB 4 kwa redio za 802.11n (Wi-Fi 4) na MB 16 kwa zenye 802.11ac (Wi-Fi 5), fikiria hiyo kwenye rauta ya MB 32! Kama debugfs (folda ya kuchunguzia keneli) ipo unaweza kuipunguza:

`echo "fq_memory_limit 1048576" | sudo tee /sys/kernel/debug/ieee80211/phy0/aqm`

Faili la `aqm` lisipokuwepo, draiva yako haipiti huko, endelea na mengine.

Wa OpenWrt (Linux ya rauta) wenye redio za ath10k (draiva ya chipu za Qualcomm Atheros) na MB 64, badilisheni `kmod-ath10k-ct` muweke `kmod-ath10k-ct-smallbuffers`, imetengenezwa kwa ajili yenu kabisa, na ongezeni `zram-swap`. Zram (swap iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe) haiwezi kumpa draiva memori ya papo hapo, ila inampa kswapd pa kusukumia kurasa, yaani vipande vya memori, za programu zilizolala, kwa hiyo akiba inajaa tena haraka. Wa Raspberry Pi msiotumia kamera wala skrini, `gpu_mem=16` kwenye config.txt inawarudishia memori ya grafiki, kuanzia Bookworm faili hilo liko `/boot/firmware/`.

Badilisha kitu kimoja, pima, ndo uende kingine. Bodi yangu ilitulia kwa 8192 peke yake, hayo mengine sikuyagusa.