Mgonjwa akitulia Chennai, nendeni Mamallapuram

Wengi wetu tunafika Chennai, kusini mwa India, kwa ajili ya hospitali. Daktari akiwapa siku ya kupumzika, msiimalizie chumbani. Mamallapuram (wengine huandika Mahabalipuram) ni mji mdogo wa pwani, kama kilomita 60 kusini. Ondokeni alfajiri, jua la huko halina huruma.

Wageni wengi hukimbilia hekalu la ufukweni. Mimi nasema anza na mwamba uliochongwa Ganga, mto mtakatifu wa Wahindu, ukishuka kutoka mbinguni. Unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi kila umbo linajitokeza. Hauna kiingilio, tena uko kando ya barabara. Hata mgonjwa asiyeweza kutembea sana ataufaidi. Ule ufa wa katikati ndio mto. Kushoto kwake mtafute mtawa aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika, amesimama kwa mguu mmoja, mikono juu. Kisha hamia kulia, miguuni pa tembo: kuna paka amesimama vilevile, mikono juu, na panya wamemzunguka bila wasiwasi. Usiondoke hujamwona! Shangazi yangu alimcheka paka yule mpaka akasahau dawa za saa nne.

Panda bajaji hadi Pancha Ratha. Mgeni analipa takriban rupia 600, na tiketi hiyohiyo inakuingiza hekalu la ufukweni siku hiyo, basi itunze. Pancha Ratha ni mahekalu matano ya karne ya 7, kila moja limechongwa kwenye jiwe moja zima. Mafundi walianza juu wakishuka, kazi ikakatizwa. Inama uone sehemu za chini zilivyoachwa ghafi. Lile dogo, lenye jina la Draupadi, malkia wa hadithi za Kihindu, lina paa kama la nyumba ya nyasi, ila ni jiwe tupu.

Jua likipoa, malizia ufukweni. Hekalu hilo la mawe ya graniti lilijengwa enzi za mfalme Narasimhavarman wa Pili wa ukoo wa Pallava, mwanzoni mwa karne ya 8. Chumvi imekula sura nyingi ukutani, ndiyo maana wamepanda mivinje kukinga upepo. Tafadhali usiguse michongo, kilichobaki ni kidogo.

Ukitaka kuingia hekalu la Sthalasayana Perumal katikati ya mji, vua viatu na ujisitiri. Watu wako kwenye ibada. Milango ya maeneo yale ya tiketi hufungwa saa 12 jioni. Teksi ya kurudi patana nayo mapema, kabla hamjachoka.